Programu iliyodai inaijua skrini: kisa cha ghala la dawa na kompyuta za 4K

Mahali na majina yameondolewa, na baadhi ya maelezo ya biashara yamebadilishwa. Mambo ya kiufundi yameachwa kama yalivyokuwa.

## Hali ilivyokuwa kabla

Ghala moja la kuuza dawa kwa jumla lilikuwa likitumia programu yake lenyewe ya stoo na ankara. Programu hiyo iliandikwa kwa C# kwenye Windows Forms (zana za Microsoft za kujengea madirisha ya programu), .NET Framework 4.5, na ilikuwa na fomu, yaani madirisha, 38. Ilisambazwa kwa ClickOnce: mtumiaji akibofya njia ya mkato, programu hujiangalia kwenye seva ya ofisi na kujisasisha yenyewe. Aliyeiandika hakuwa mwajiriwa, ila alipatikana kwa simu na msimbo wote alikuwa nao.

Kwa miaka mingi programu ilitumika kwenye monita za inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080, Windows ikiwa kwenye asilimia 100. Kisha ofisi ikanunua kompyuta mpakato saba za inchi 15.6 zenye skrini ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160. Monita za zamani hazikutupwa. Mezani kila mpakato uliunganishwa na monita moja kupitia doki (kifaa cha kuunganishia vifaa vya mezani), na ukipelekwa kaunta ulifanya kazi peke yake.

Hesabu ya skrini hizo ndiyo mzizi wa kisa. Monita ya inchi 24 ina pikseli kama 92 kwa kila inchi, skrini mpya ina kama 282. Aikoni ya pikseli 16, ambayo kwenye monita ilikuwa na upana wa milimita 4 na ushei, kwenye skrini mpya bila kukuzwa inabaki milimita moja na nusu hivi. Ndiyo maana Windows ilijiweka yenyewe kwenye asilimia 250. Kwa lugha ya Windows ni DPI 240 (DPI ni nukta kwa kila inchi), kwa kuwa asilimia 100 ya Windows ni DPI 96.

## Dalili

Siku ya kwanza malalamiko yalikuwa "maandishi yamekatika". Ukikaa mbele ya skrini, mambo yalikuwa mengi kuliko hayo:

Maandishi yalikuwa makubwa na safi, ila masanduku yaliyoyabeba yalibaki madogo. Kwenye jedwali la bidhaa, vichwa na miguu ya herufi vilikatwa, ukaona ukanda wa katikati tu. Aikoni za upau wa juu zilikuwa kama punje za mtama. Fomu ya kupokea mzigo ilikuwa imejikunja kwenye kona ya juu kushoto, na lebo zake zilipandiana.

Dalili iliyowatia hofu ilitokea kaunta. Jumla ya ankara ilikuwa 1,284,500 lakini kwenye skrini ikasomeka 1,284,50. Keshia alichapisha, karatasi ikatoka na tarakimu zote, na kwa nusu saa ofisi ilibishana kama kosa liko kwenye printa. Karatasi ilikuwa sahihi, kwa sababu uchapishaji wa Windows Forms hupima kwa sehemu za mia za inchi na haujali skrini. Koma iliyokaa vibaya ndiyo iliyomfanya mhasibu aitilie shaka skrini. Kama jumla ingekuwa 450 ikaonekana 45, huenda hakuna ambaye angeshtuka.

Tarakimu ilipotelea wapi? Lebo ya Windows Forms ambayo `AutoSize` yake (kujitanua kufuata maandishi) ni `false` haiweki nukta tatu kuonyesha kwamba kuna kilichobaki. Neno lisipoenea, kipande cha mwisho husukumwa mstari wa pili, na lebo yenye kimo cha mstari mmoja haina mahali pa kuuonyesha. Kwa programu inayoonyesha fedha au idadi ya dawa, hilo ni kosa la usahihi, na likahesabiwa hivyo tangu siku hiyo.

## Jaribio la kwanza: kushusha rezolusheni

Fundi wa ofisi alifanya ambalo wengi hulifanya. Alishusha skrini hadi 1920 kwa 1080 na asilimia 100. Programu ikakaa sawa, lakini kila kitu kingine kikaharibika.

Kihesabu, 3840 ni mara mbili kamili ya 1920, kwa hiyo mtu hutarajia kila pikseli igeuke nne na picha ibaki kali. Kwa kawaida sivyo kadi ya picha inavyofanya. Hulainisha kingo inapokuza, na herufi za programu zote zikapata ukungu, pamoja na kivinjari na jedwali la hesabu ambavyo awali havikuwa na tatizo lolote. Tena pikseli 1920 kwenye inchi 15.6 ni kama 141 kwa inchi, kwa hiyo herufi zilitoka na theluthi mbili tu ya ukubwa waliouzoea kwenye monita. Mhasibu aliyekuwa akisoma bila miwani akaanza kuivaa.

Mpangilio huo uliondolewa baada ya siku mbili.

## Uchunguzi: programu imeahidi nini

Kabla ya kugusa chochote, swali la kuuliza ni nani anayetarajiwa kukuza, Windows au programu yenyewe. Windows huamua kwa kuangalia programu imejitangazaje. Isiyojitangaza hudanganywa kwamba skrini ni ya DPI 96. Huchora kidogo, kisha Windows inavuta picha yake hadi ukubwa unaotakiwa. Matokeo ni ukungu, lakini uwiano unabaki. Mfumo huo umekuwapo tangu Windows Vista ya 2007. Programu inayojitangaza kuwa inaijua DPI huachiwa kazi yote, na hapo Windows haitii mkono.

Jibu hupatikana bila msimbo. Fungua Task Manager, nenda "Details", bofya kulia kwenye kichwa cha nguzo yoyote, chagua "Select columns", kisha weka alama kwenye "DPI Awareness". Programu ya ghala ilionyesha "System". Maana yake, ilikuwa imeahidi kwamba itajikuza yenyewe kufuata DPI ya skrini kuu.

Mwandishi wa programu alikana. Manifesti yake, yaani faili linaloieleza programu kwa Windows, haikuwa na `dpiAware` hata kidogo, na kweli haikuwa nayo. Ahadi ilikuwa ndani ya `Main`, mahali programu inapoanzia, mstari mmoja: `SetProcessDPIAware()`. Historia ya msimbo ilionyesha kuwa uliongezwa miaka kadhaa nyuma, baada ya mteja mmoja kulalamika juu ya ukungu kwenye mpakato wa asilimia 125. Mstari uliondoa ukungu, mteja akaridhika, na hakuna aliyeutazama tena.

Fomu zote 38 zilikuwa na `AutoScaleMode.None`. Kwa hiyo programu iliiambia Windows "niachie, nitajikuza", halafu ikaziambia fomu zake zisikue. Fonti peke yake zilikua, kwa sababu hupimwa kwa pointi, na pointi hubadilika kuwa pikseli kwa kufuata DPI. Fonti ya pointi 8.25 ni pikseli 11 kwenye DPI 96 na pikseli 27.5 kwenye 240. Safu za jedwali zilikuwa zimeandikwa pikseli 20.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kosa lilijificha miaka yote. Kwenye asilimia 125 fonti hiyo ni pikseli 13.75, na safu ya pikseli 20 inaibeba bila shida. Hata asilimia 150 (pikseli 16.5) inapita kwa kubanana. Nafasi ya ziada aliyoiacha mchoraji wa fomu ndiyo iliyolipa deni hadi skrini za 4K zilipofika.

## Uamuzi wa muda

Ghala haliwezi kufungwa likisubiri msimbo. Uamuzi ulikuwa kuinyang'anya programu ahadi yake, yaani kuilazimisha Windows ikuze. Njia ni kubofya kulia faili la `.exe`, "Properties", "Compatibility", "Change high DPI settings", kuweka alama kwenye "Override high DPI scaling behavior", kisha kuchagua moja kati ya tatu.

"Application" ingeiacha programu ijikuze, yaani tatizo lilelile. "System", ambayo hapa maana yake ni Windows ndiyo ikuze, tofauti na "System" ya Task Manager, ilirudisha uwiano wote mara moja, na ukungu wake. "System (Enhanced)", iliyokuja na Windows 10 toleo 1703 la mwaka 2017, hukuza kwa njia tofauti: maagizo ya GDI (mfumo wa zamani wa Windows wa kuchora) ya kuchora herufi huyachora upya kwa ukubwa mpya, ila picha zilizo tayari huzivuta tu. Kwenye programu hii herufi za fomu zikawa kali, huku aikoni na onyesho la kabla ya kuchapa vikibaki na ukungu. Ikachaguliwa hiyo ya tatu, baada ya mhasibu kupitia ankara 20 za zamani na kulinganisha kila jumla ya kwenye skrini na ya kwenye karatasi.

Ili fundi asibofye kompyuta saba, mpangilio uliandikwa kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya `HKCU\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\AppCompatFlags\Layers`. Jina la thamani ni njia kamili ya `.exe`, na maandishi yake ni `~ GDIDPISCALING DPIUNAWARE`. Kwa "System" ya kawaida ni `~ DPIUNAWARE` pekee.

Mambo yalitulia siku tisa. Siku ya kumi programu ilijisasisha na dalili zote zikarudi. ClickOnce huweka kila toleo kwenye folda yenye jina la ovyoovyo chini ya `%LocalAppData%\Apps\2.0`, na rejista hufuata njia kamili ya faili. Toleo jipya ni njia mpya, na mpangilio wa zamani ukabaki umeshikilia faili ambalo halifunguliwi tena. Skripti ya kutafuta `.exe` mpya kila asubuhi iliandikwa na ikafanya kazi, lakini wote walijua ni plasta.

Chombo cha pili, kidogo, cha kusoma ripoti kiliandikwa kwa Java 8. Hicho kwenye skrini kilionekana kidogo mno chote kwa pamoja, maana Java 8 nayo hujitangaza lakini haikuzi. Kuweka mpangilio wa utangamano kwenye `javaw.exe`, faili linaloendesha programu za Java, kungegusa kila programu ya Java kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo kilihamishiwa Java 11. Ukuzaji kwenye Windows uliingia Java 9, na kazi ilikwisha kwa kubadilisha toleo tu.

## Uamuzi wa kudumu, na njia iliyoachwa

Mwandishi wa programu alitaka kwenda moja kwa moja kwenye "PerMonitorV2", ambapo programu hupokea ujumbe wa `WM_DPICHANGED` kila inapovuka kutoka skrini moja kwenda nyingine na kujipanga upya. Kimaandishi ndilo jibu bora kwa mpakato wa asilimia 250 uliokaa kando ya monita ya asilimia 100. Alihamia .NET Framework 4.8, akafuta `SetProcessDPIAware()`, akaitaja Windows 10 kwenye `supportedOS` ya manifesti na kuweka `DpiAwareness` kwenye `app.config`.

Wiki mbili zilipita. Fomu nyepesi zilivuka vizuri. Fomu zenye vidhibiti (vitufe, masanduku na mengineyo) ndani ya vidhibiti zilikua mara mbili, na zikirudishwa hazikurudi ukubwa wa mwanzo. Fonti zilizotajwa moja kwa moja kwenye kidhibiti cha ndani hazikufuata za mzazi wake. Ukivuta fomu ya kupokea mzigo huku na huku mara tatu, ilikuwa imevimba kuliko skrini.

Njia hiyo iliachwa. Windows Forms ya .NET Framework haikuzaliwa na kazi hiyo, na kwa fomu 38 zilizopangwa kwa pikseli gharama haikuwa na mwisho unaoonekana. Badala yake iliamuliwa ahadi ya zamani irudishwe na safari hii itimizwe: programu iwe ya "System", ijikuze vizuri kwa DPI ya skrini kuu, na kwenye skrini ya pili Windows ivute picha. Ukungu kwenye monita moja ulikubaliwa kwa hiari. Tarakimu kupotea hakukukubaliwa popote.

## Kazi yenyewe kwenye fomu

Jambo la kwanza halikuwa kubadilisha chochote, bali kufungua Visual Studio, programu ya kuandikia msimbo, kwa `devenv /noScale`. Bila hivyo, kwenye kompyuta ya asilimia 150 zana ya kuchorea fomu huandika upya vipimo vyote vya fomu inayojikuza kwa DPI 144. Fomu tatu kati ya 38 zilikutwa zimeharibika hivyo tangu kabla ya kuwekewa `None`: kwenye monita ya asilimia 100 zilikuwa kubwa mara moja na nusu, na watumiaji walidhani ndivyo zilivyobuniwa.

Kisha kila fomu, isipokuwa moja itakayotajwa mwishoni, na kila `UserControl` (kidhibiti kilichoundwa kwa kuunganisha vingine) ikawekewa `AutoScaleMode.Dpi`, na `AutoScaleDimensions` ya 96 kwa 96. Hiyo namba ni kumbukumbu ya fomu ilichorwa wapi. Windows Forms hugawanya DPI ya sasa kwa hiyo ili kupata kiasi cha kukuza. Kuwa na fomu ya `Dpi` iliyobeba `UserControl` ya `Font` kulitoa vipimo vya ajabu, kwa hiyo zote zilifanywa aina moja.

Lebo zote za fedha na idadi zilipewa `AutoSize` ya `true` ndani ya `TableLayoutPanel`, paneli inayopanga vitu kama jedwali, ili nguzo itanuke kwa kufuata namba. Hii ilichukua muda mrefu kuliko yote na ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu hata ukuzaji ukikosea siku nyingine, namba haitakatwa kimyakimya.

Jedwali halikupona kwa `AutoScaleMode`. Kimo cha safu cha 20 kilikuwa kimeandikwa kwenye `RowTemplate.Height`, na namba hiyo haikuzwi. Kuwasha upimaji wa kila safu kungefanya orodha ya bidhaa elfu kadhaa iburute. Mstari mmoja kabla ya kujaza data ulitosha: `grid.RowTemplate.Height = grid.Font.Height + 9`. Hiyo tisa haikubuniwa. Ni nyongeza ileile ambayo Windows Forms huitumia kwa kimo cha kawaida. Upana wa nguzo ulizidishwa kwa mkono, `Graphics.DpiX` ikigawanywa kwa 96. Uwiano huohuo ukatumika kwenye msimbo uliochora mstari mwekundu wa dawa zinazokaribia kuisha muda, ambao ulikuwa umebaki unywele.

Aikoni zilihitaji picha mpya za pikseli 16, 20, 24, 32 na 40. `ImageScalingSize` ya upau wa vifaa hubaki 16 usipoigusa, na `ImageSize` ya `ImageList` lazima iwekwe kabla ya kujaza picha.

Tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia lilijitokeza baada ya yote hayo kufanikiwa. Fomu ya kupokea mzigo ilipokua sawasawa, kitufe cha "Hifadhi" kilizama chini ya upau wa kazi. Skrini ya 4K kwenye asilimia 250 ina nafasi ya pikseli 1536 kwa 864 tu za kimantiki, na fomu ilichorwa kimo cha 940. Yaani skrini mpya, ya gharama na yenye pikseli mara nne, ina nafasi ndogo kuliko monita ya zamani. Asilimia 200 ingerudisha 1920 kwa 1080, ila herufi zingekuwa zile ndogo zilizokataliwa mwanzoni. Sehemu ya juu ya fomu ikawekwa kwenye paneli yenye `AutoScroll`, na vitufe vikabandikwa chini kwa `Dock`.

## Kupima

Kila fomu ilipitiwa kwenye asilimia 100, 125, 150, 200 na 250. Baada ya kila badiliko mpimaji alitoka kwenye akaunti ya Windows na kuingia tena. Duru ya kwanza ya majaribio ilitupwa kwa kutofanya hivyo: ukibadilisha asilimia bila kutoka, programu ya "System" huendelea na DPI ya zamani na Windows huivuta, kwa hiyo unachokiona ni kazi ya Windows na si mpangilio wa fomu zako. Fomu zote zilikuwa "zimefaulu".

Kwenye kila kipimo iliingizwa ankara ya majaribio yenye jumla ya tarakimu kumi. Namba ndefu hufichua kinachofichwa na namba za kila siku.

## Matokeo

Toleo jipya lilitoka kwa kompyuta mbili kwanza, wiki moja baadaye kwa zote. Mpangilio wa rejista na skripti ya asubuhi viliondolewa siku hiyohiyo. Vingeachwa, Windows ingeendelea kuidanganya programu kuwa iko kwenye DPI 96 na kazi yote isingeonekana, maana mpangilio wa mtumiaji hushinda ahadi ya programu.

Lalamiko lililobaki ni la mezani. Anayeingia kwenye Windows mpakato ukiwa peke yake, kisha akaunganisha doki, huona programu ina ukungu kidogo kwenye monita. Anayeingia akiwa tayari kwenye doki, na monita ikiwa skrini kuu, huiona safi huko, na ukungu humfuata kaunta. Wafanyakazi waliambiwa sababu na wakapewa chaguo. Wengi walifanya skrini ya mpakato kuwa kuu daima na kuiacha monita kwa barua pepe.

## Uchambuzi

Nguzo ya "DPI Awareness" kwenye Task Manager ilimaliza kwa dakika moja mabishano ya siku nne. Ingetazamwa kabla ya kushusha rezolusheni, hatua hiyo isingefanyika, kwa kuwa umbo la dalili lilishasema: ukungu wenye uwiano ni kazi ya Windows, herufi kubwa ndani ya masanduku madogo ni programu iliyoahidi na kutimiza nusu, vyote vidogo ni programu iliyoahidi na isiyotimiza kitu, kama ile ya Java.

Kosa la asili ni kuona `SetProcessDPIAware()` kama dawa ya ukungu. Haiondoi ukungu, inahamisha mzigo. Kuuweka mstari huo bila kujaribu asilimia 200 kulikuwa kukopa, na aliyekuja kulipa ni keshia.

Njia ya "System (Enhanced)" ilistahili, ila ilikosewa mahali pamoja: hakuna aliyeuliza programu inasambazwaje. Kwa programu iliyokaa `C:\Program Files` ingedumu miezi. Kwa ClickOnce ilikuwa na umri wa toleo moja.

Wiki mbili za "PerMonitorV2" zinaweza kuonekana hasara. Kuhamia 4.8 kulibaki kuwa faida, na jaribio hilo ndilo lililozitambua fomu zenye vidhibiti vya ndani vyenye `AutoScaleMode` tofauti. Lililokosekana ni kipimo cha kuacha: kama ingekubaliwa mapema kwamba fomu ngumu kuliko zote ndiyo ijaribiwe kwanza, jibu lingepatikana siku ya pili.

Fomu ya kuchapa vibandiko vya rafu bado ina `AutoScaleMode.None`, kwa makusudi. Huchora kibandiko kwa pikseli moja kwa nukta moja ya printa, na kwenye asilimia 250 huonekana kidogo. Juu yake paliongezwa kitufe cha kukuza picha mara mbili na mara tatu, na mtunza stoo, ambaye ndiye pekee anayeifungua, hajaomba zaidi.